UZI: Kutafuta kazi ya kutesti programu ukiwa Tanga, na huo ukuta wa "uzoefu miaka miwili"

mtesta_wa_Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu salaam, habari za humu.

Kila nikipita naona kijana kauliza swali lilelile, nimemaliza diploma ya IT, nataka kuwa testa, kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili, sasa huo uzoefu naupata wapi na hakuna anayeniajiri. Anajibiwa "komaa mdogo wangu" mara mbili tatu halafu uzi unakufa. Mie leo nataka nilijibu kwa kirefu kwa sababu kazi hii naifanya, niko Tanga na sijahamia Dar, na ofisini huwa napewa sivii za vijana nizipitie kabla hawajaitwa intavyuu, kwa hiyo nimeiona hii habari kwa pande zote mbili.

Tuanze na kazi yenyewe maana wengi wanadhani ni kubonyezabonyeza. Testa anatafuta wapi programu inavunjika kabla mteja hajafika hapo, halafu anaandika alichokiona kiasi kwamba developa (anayeandika programu) aliye Dodoma au Nairobi anaweza kukirudia mwenyewe bila kumpigia simu. Hiyo nusu ya pili ndiyo kazi hasa. Kuona kasoro kila mtu anaona, hata bibi yangu akikosa salio anajua kuna kitu hakiko sawa. Kuiandika ikaeleweka, hapo ndipo watu wanapopungua.

Na hapo ndipo pa kutokea kwa mtu asiye na ajira. Fundi cherehani haulizwi barua ya kazi, anaonyesha gauni alilolishona. Testa naye anaweza kuonyesha ripoti za kasoro alizoandika, hata kama hakuna aliyemlipa kuziandika. Sivii ninazopokea nyingi mno zimejaa "hardworking, team player" na orodha ya zana kumi na kitu, hakuna hata linki moja ya kubonyeza nikaona mtu huyu anafikiri vipi. Akitokea mmoja ana ukurasa GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za programu, wenye ripoti tano zilizoandikwa vizuri na mpango wa majaribio wa kurasa mbili, huyo naita wenzangu waje waangalie, hata kama kwenye uzoefu kaandika hana.

Sasa unatesti nini. Kuna tovuti zimetengenezwa maalumu watu wajifunzie, hakuna wa kukugombeza. Kampuni ya Sauce Labs wana duka la mfano linaitwa saucedemo, limeandikwa majina ya watumiaji palepale mbele, yupo wa kawaida ambaye kila kitu kinakwenda sawa, yupo aliyefungiwa, yupo anayecheleweshwa makusudi, na yupo anaitwa problem_user ambaye akiingia duka zima linaharibika. Parasoft nao wana benki ya mfano, ParaBank. Ukitaka kujifunza API, yaani njia ya programu mbili kuongea, ipo Restful-Booker unaichezea kwa Postman, zana ya kutuma maombi kwa API. Vyote bure, bando lako tu.

Nionyeshe ripoti moja inavyokaa, maana hapa ndipo ninapotaka mkae sana. Tuseme kuna fomu ya usajili na inakataa majina yenye ng'. Kijana anaandika: "Fomu ya usajili haifanyi kazi." Developa akisoma hivyo anajaribu na jina lake Juma, inapita, anaifunga ripoti anaandika kwangu inafanya kazi. Imeishia hapo. Andika hivi: kichwa, "Fomu ya usajili inakataa jina lenye alama ya ritifaa, mfano Ng'wanza." Mazingira, simu gani, Android ya ngapi, kivinjari na toleo lake, mtandao wa simu au waifai. Hatua, moja fungua ukurasa wa usajili, mbili andika Ng'wanza kwenye jina la ukoo, tatu jaza vingine sahihi, nne bonyeza Sajili. Kilichotarajiwa, akaunti ifunguke. Kilichotokea, ujumbe mwekundu "jina si sahihi" na akaunti haifunguki. Uzito, mkubwa, kwa kuwa watu wengi wa kanda ya ziwa wana majina hayo na hawana njia nyingine ya kujisajili. Weka skrinishoti. Hapo developa hana pa kukimbilia, na zaidi umemwambia nani anaumia, jambo ambalo yeye akiwa na msimbo wake mbele halioni.

Na hapo mnaona kitu kingine. Sisi wa huku tuna elimu ambayo haifundishwi darasani. Mtu anaishi na itel ya RAM ndogo, mtandao unakwenda unarudi, anajua pesa ikikatwa na meseji isije moyo unavyopiga. Swali hilo moja, "mteja kabonyeza Thibitisha, mtandao ukakatika, kabonyeza tena, je pesa imekwenda mara mbili?" ukiliuliza kwenye intavyuu ya kampuni ya malipo utaona wanavyokaa sawa kwenye viti.

Au chukua muda. Seva nyingi zinahifadhi saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele saa tatu. Mtu akilipa saa saba usiku wa tarehe 1, seva inasoma bado ni saa nne usiku ya jana, kwa hiyo kama aliyeandika ripoti hakugeuza muda basi malipo yale yanaingia mwezi uliopita na mhasibu anahangaika mahesabu hayalingani. Au tiketi ya basi, gari inatoka Kange saa kumi na mbili alfajiri, mfumo unaandika "Saa 06:00", mama wa watu kazoea saa za kwetu anakuja saa sita mchana na mabegi yake. Hizo ni testi za kweli na mtu wa Tanga anazijua kuliko aliyekaa Ulaya.

Nitaendelea, ulizeni.

binti_Pongwe

Asante mtoa mada, yaani umenigusa. Mimi nina laptopu ya RAM 4GB, nikifungua Android Studio inaganda mpaka nazima kwa kushikilia kitufe. Na simu ninayo moja tu. Nilikuwa nishakata tamaa nikijua hii kazi ni ya wenye MacBook.

mtesta_wa_Ngamiani

Dada yangu achana na Android Studio kabisa kwa sasa, huihitaji. Chukua simu yako hiyohiyo, nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, gusa "Build number" mara saba, itakufungulia mipangilio ya madevelopa, washa USB debugging, chomeka waya kwenye laptopu, halafu kwenye Chrome ya laptopu andika chrome://inspect. Utaona ukurasa uliofunguliwa kwenye simu na makosa yake yote. Laptopu haijabeba mzigo wowote hapo.

Ukiwa huna waya, F12 kwenye Chrome inatosha, kuna kitufe cha kuigiza skrini ya simu, na kwenye kichupo cha Network unaweza kupunguza kasi ya mtandao au kuuzima kabisa uone ukurasa unafanyaje. Mimi nakushauri uanze na huo mtandao mbovu, maana kasoro nyingi zimejificha hapo na watu wa ofisini wenye faiba hawazioni.

Kuhusu simu moja, hapa barabara ya kumi na mbili kuna fundi simu rafiki yangu anauza mtumba, nilizungumza naye vizuri akawa ananiruhusu nikae pembeni ya kibanda nijaribu kurasa kwenye simu zake za kuuza, zile ambazo zimeshafutwa kila kitu, Android 7, 8, 10, skrini ndogo, nyingine touch imechoka. Usiguse simu ya mteja aliyeleta itengenezwe, zile zina mambo ya watu. Zungumza na fundi wa karibu yako Pongwe, ukimweleza unachofanya wengi hawana neno.

Mzee_wa_Segera

Wakuu tusidanganyane. Hizo ripoti ni nzuri lakini bongo bila kujuana hupati kazi. Mpwa wangu kaomba mpaka kachoka, hajibiwi hata "hapana".

mtesta_wa_Ngamiani

Mzee shikamoo. Sikupingi, kujuana kupo na kunasaidia, tena kazi nyingi ndogo za IT hazitangazwi popote, mtu anamuuliza mwenzie "unaye kijana?" basi. Kwa hiyo swali ni mpwa wako anajulikanaje na wale wanaoulizana.

Tanga hii ina mifumo kuliko tunavyodhani. Kuna shule zinatuma matokeo kwa wazazi kwa simu, kuna zahanati zina mfumo wa kusajili wagonjwa, saccos, maduka ya jumla yana programu ya stoku, wakata tiketi wa mabasi. Nyuma ya kila mmoja yupo developa, mara nyingi kijana mmoja yuko peke yake, anaandika usiku, hana wa kumtestia, na mteja anampigia kelele. Huyo ndiye wa kumtafuta. Mpwa wako amwambie, kaka nipe toleo la majaribio la mfumo wako wiki hii, nitakuandikia kasoro zote ninazoziona, sikudai kitu mara ya kwanza. Developa mpweke akipata ripoti nzuri hasahau jina la aliyeiandika, na siku akiitwa kwenye projekti kubwa atasema namjua mtu.

Ila mzee umwambie jambo hili kwa msisitizo: asijaribu kuvunja mfumo wa mtu bila ruhusa. Mfumo wa benki, wa serikali, wa kampuni ya simu, hata kama nia ni njema. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa la jinai, na kusema "nilikuwa najifunza" hakutamsaidia. Ruhusa iwe ya maandishi, hata meseji ya WhatsApp ya mwenye mfumo aitunze. Na akipewa mfumo wenye taarifa za wagonjwa au wanachama aombe data za kubuni, tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Testa anayeuliza hivyo mapema anaaminika zaidi, nimeona.

kijana_Muheza

Kaka naomba kuuliza, nisome ISTQB, kile cheti cha kimataifa cha kutesti, kwanza au nijifunze otomesheni, yaani kuandika msimbo unaotesti wenyewe? Matangazo mengine yanataka Selenium, mengine Cypress, mengine Playwright, sijui nishike lipi niache lipi. Na kodingi siiwezi sana.

mtesta_wa_Ngamiani

Karibu ndugu yangu. Silabasi ya ISTQB ya ngazi ya msingi ni bure, ipakue kwenye tovuti yao, toleo la 4.0 lilitoka 2023. Isome yote hata kama hela ya mtihani huna, maana istilahi zake ndizo utakazoulizwa. Mtihani wenyewe una maswali 40 ya kuchagua, dakika 60, na sisi ambao lugha ya mtihani si lugha yetu tunaruhusiwa nyongeza ya asilimia 25, yaani dakika 75. Kufaulu ni asilimia 65, maswali 26. Cheti kinasaidia sivii ipite kwa HR ambaye hajui kutesti ni nini, hilo nakubali. Lakini ukikaa mbele ya testa mwenzio hakikuokoi ukishindwa kueleza thamani za mpakani kwa mfano wako mwenyewe.

Mfano, fomu inakubali kiasi kuanzia 1,000 mpaka 500,000. Mtu asiyejifunza anajaribu 5,000, inapita, anamaliza. Wewe jaribu 999, 1,000, 1,001, halafu 499,999, 500,000, 500,001, maana aliyeandika programu anakosea pale kwenye "ndogo kuliko" na "ndogo kuliko au sawa na". Kisha jaribu sifuri, namba hasi, 1,000 yenye koma, 1000.50, nafasi tupu mbele, na herufi. Sema hivyo kwa sauti, kwa utulivu, na useme kwa nini umechagua kila moja.

Zana sasa. Kabla ya otomesheni jifunze SQL, lugha ya kuuliza database (ghala la data), ya kusoma tu, SELECT, WHERE, JOIN, uweze kuangalia kwenye database kama kilichoonekana kwenye skrini ndicho kilichohifadhiwa. SQLite, database ndogo ya bure, inakaa hata kwenye laptopu mbovu. Hii watu wanaidharau na ndiyo iliyonipa mimi kazi ya kwanza. Baada ya hapo shika zana moja. Selenium ipo tangu 2004 na matangazo mengi bado yanaitaja, Playwright ya Microsoft ilitoka 2020 na kwa anayeanza naiona nyepesi zaidi, inakurekodia unavyobonyeza na kukuandikia msimbo wa kuanzia. Ukiielewa moja vizuri kuhamia nyingine si safari ndefu, ila ukiorodhesha zote tatu kwenye sivii na hujui hata moja, swali la pili tu linakuweka wazi.

dada_Raskazone

Mimi nataka kuongezea kuhusu intavyuu maana nimepita huko. Natesti kwa kampuni ya nje, nafanyia nyumbani, nina mtoto mdogo.

Kikwazo changu kilikuwa Kiingereza cha kuongea. Kuandika naweza, lakini wakiniuliza uso kwa uso maneno yanakimbia. Nilichofanya nilichukua ripoti zangu mwenyewe nikawa nazisimulia kwa sauti jikoni huku napika, nilifanya nini, nikaona nini, nilitarajia nini. Kiingereza cha kutesti hakina maneno mengi, yanajirudia yaleyale, ukiyazoea ulimi unafunguka. Na nikikwama nasema tu naomba sekunde nipange wazo langu. Hakuna aliyewahi kunikatia simu kwa hilo.

Pia waulizeni mapema kama raundi ya kwanza inaweza kuwa ya mtandaoni. Dar na kurudi ni siku nzima na nauli, ukiitwa kila wiki utafilisika kabla hujaajiriwa. Wengi wanakubali, hawasemi tu mpaka uulize. Siku yenyewe jaza simu chaji, weka bando la laini mbili tofauti, na waambie mwanzoni kabisa kwamba umeme ukikatika utarudi kwa simu ndani ya dakika mbili. Mimi ulikatika kweli, nikarudi kwa simu, na yule mama aliyekuwa ananihoji akasema hapo ndipo alipoona nitafaa.

Ila jamani kuna hili la kazi ya majaribio. Kuna kampuni moja sitaitaja ilinipa mfumo wao mzima niutesti kama mtihani wa kuingia, nikakesha, nikawapelekea kasoro nyingi na video, wakapokea, kimya mpaka leo. Baadaye nikaona kasoro zangu zimerekebishwa. Iliniuma sana.

mtesta_wa_Ngamiani

Pole sana dada yangu, hilo linatokea na si haki hata kidogo. Vijana shikeni hili, mtihani wa kweli una mpaka: ukurasa mmoja, au saa mbili tatu, mara nyingi kwenye mfumo wa mfano. Ukipewa mfumo mzima, jibu kwa adabu, nitatesti sehemu ya malipo kwa saa mbili, nitawapa mpango wangu na kasoro tatu nzito, mengine tutazungumza nikianza kazi. Mwajiri wa kweli anaridhika na hapo. Na anayekudai hela ya fomu, hela ya mafunzo, hela ya "kuandaliwa" intavyuu, huyo funga simu.

Mzee_wa_Segera

Marahaba kijana. Nimempa mpwa wangu asome. Swali lake anauliza hizo kazi za mtandaoni za kulipwa kwa kila kasoro zipo kweli? Nyumbani presha ni kubwa, mama yake anaona kijana kakaa na laptopu tu kila siku.

mtesta_wa_Ngamiani

Zipo mzee. uTest na Test IO ni za kweli, unajisajili bure, unasema una simu gani, ukialikwa kwenye mzunguko wa majaribio unatesti na unalipwa kasoro ikikubaliwa. Simu za bei ndogo na mtandao wa huku wakati mwingine ndivyo wanavyovitafuta. Lakini mialiko si ya kila siku, kwa hiyo asiahidi mtu nyumbani kwamba mwisho wa mwezi kuna hela. Na kabla hajaripoti kasoro hata moja aangalie njia ya malipo wanayotoa kwa Tanzania, na kama akaunti hiyo anaweza kuifungua kwa jina lake.

Kwa mama yake, namwomba akae naye siku moja amwonyeshe. Afungue apu ambayo mama anaitumia, amwombe mama afanye kitu anachokifanya kila siku na yeye anyamaze aangalie anakwama wapi, aandike. Hiyo nayo ni testi, tena nzuri sana, na mama atajua mwanawe anafanya nini. Wakati huohuo kama kuna kazi ya stationery, ya kuuza vocha, ya kuingiza data kwenye kiwanda au bandarini, aifanye bila kuona haya. Kwenye sivii aandike mifumo aliyotumia huko na kasoro alizowaripotia. Nimepitisha kijana aliyekuwa anakata risiti dukani kwa sababu aliniandikia aya moja tu jinsi programu ya duka ilivyokuwa inakosea kupiga VAT ya asilimia 18 mteja akirudisha bidhaa.

binti_Pongwe

Kaka nimejaribu usiku huu kwenye saucedemo kwa problem_user. Hii hapa naomba unikosoe: "Kichwa: Malipo mabovu. Nimeingia, nimeweka begi kwenye kikapu, nikaenda kulipa, nikiandika jina la mwisho haliandiki. Siwezi kuendelea. Uzito: mkubwa."

mtesta_wa_Ngamiani

Umeanza vizuri sana dada, na uzito umeupatia maana mteja hawezi kununua kabisa. Rekebisha haya. Kichwa hakisemi kitu, andika "Kwenye fomu ya malipo, kisanduku cha jina la mwisho hakipokei herufi, mtumiaji problem_user." Halafu rudi uangalie tena polepole ukiwa unaandika jina la mwisho, usitazame kisanduku hicho, tazama cha jina la kwanza kilicho juu yake. Uniambie unaona nini.

binti_Pongwe

Eeh! Herufi zinakwenda kwenye jina la kwanza! Zinafuta nililokuwa nimeliandika!

mtesta_wa_Ngamiani

Ndiyo hiyo sasa. Hiyo iweke kwenye kilichotokea kwa maneno hayohayo, na kichwa kibadilike kiseme hivyo. Rudia na standard_user, yule wa kawaida, uandike kwamba kwake inafanya kazi, hiyo inampunguzia developa nusu ya kazi ya kutafuta. Ongeza toleo la Chrome, hatua uzipe namba, na ujumbe wa kosa unaotokea ukibonyeza kuendelea unukuu kama ulivyo, usiutafsiri. Ukimaliza fungua GitHub, iweke, kisha leta linki hapa tuisome wote.